Swichi ya Ofisini: Funguo Zote Kwenye Faili Moja

Wadau, tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, Bariadi imekuwa mji wa ofisi. Ofisi zina kompyuta, na kompyuta zimeungwa kwenye swichi, lile boksi lenye matundu ya waya na vitaa vinavyopepesa, ambalo hakuna anayeligusa mpaka mtandao ukate. Leo tuliongelee hilo boksi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume na azilinde. Safi kabisa. Lakini ukiuliza taarifa ziko wapi, utaonyeshwa kabati na kompyuta. Swichi haitajwi, na mimi naona hapo ndipo mlango ulipo wazi.

Swichi zile zinazopangwa na fundi (siyo zile za kuchomeka tu) zina faili la mipangilio. Ni maandishi ya kawaida, hata Notepad inalifungua. Ndani kuna paswedi, anwani za mashine, jinsi mtandao ulivyogawanywa, na neno la siri la SNMP, yaani njia ya kuichungulia swichi ukiwa mbali, na mara nyingine hata kuiamrisha. Mtu akilipata ana ramani na funguo mkononi.

Tusidhani ni hadithi. Tarehe 20 Agosti 2025, FBI ya Marekani ilitangaza kuwa wadukuzi wa FSB, idara ya usalama ya Urusi, wamechota mafaili ya namna hii kutoka kwenye maelfu ya vifaa vya mtandao. Walipitia SNMP na kasoro ya Cisco iliyopatiwa dawa tangu 2018. Miaka saba, watu hawajaziba!

Na mtumba je? Mwaka 2023 kampuni ya ESET ilieleza jinsi ilivyonunua ruta zilizokwishatumika. Kati ya 16 ilizokagua, 9 zilikuwa bado na siri za wenyewe wa zamani. Ruta na swichi ni ndugu, na sisi kwa mtumba hatujambo.

Kuna wanaojitetea kuwa paswedi zao zimefichwa. Kwenye Cisco, paswedi ya aina ya 7 inaonekana kama herufi zilizovurugwa, lakini programu ya bure inairudisha kwa sekunde chache. Mwaka 2022 NSA ya Marekani ilishauri watu watumie aina ya 8.

Sasa fikiria fundi amekwama, anarusha faili zima kwenye grupu la WhatsApp ili asaidiwe, au analifungua kafe na kuliacha kwenye mashine ya watu wote. Atakayeumia ni mgonjwa, mwanafunzi, au mkulima wa pamba ambaye namba yake iko kwenye kompyuta za ofisi ile.

Dawa haina gharama. Kabla ya kutuma, futa paswedi, maneno ya SNMP na anwani. Bekapu ifungwe kwa paswedi. Fundi akiondoka, badilisheni zote. Swichi ikiuzwa, ifutwe irudi kama ilivyotoka kiwandani. Na bosi aulize swali moja tu: nakala za faili letu anazo nani?

Nyie mnaosoma hapa kafe ndio mtakaoitwa kesho kufunga hizo swichi. Je, kwenu anazo nani? Tiririkeni.