Fundi, Kabla Hujapiga Window, Faili Zangu Ziko Wapi?

Wacha niseme hii mapema tusizungushane: laptopu ikikwama katikati ya apdeti, mara nyingi faili zako hazijaenda popote. Kilichovurugika ni mfumo unaoiwasha mashine. Picha, kazi ya shule, rekodi za biashara, zote bado zimelala kwenye diski zikingoja mtu mwenye subira. Anayezimaliza kabisa ni yule anayefomati kwa haraka. Na tunamlipa sisi wenyewe.

Hapa Kinna nimeona hii kitu ikijirudia mpaka nikachoka. Apdeti inafika asilimia 30, stima inapotea, betri nayo ilishakufa kitambo. Stima ikirudi, ni skrini ya bluu ama kaduara kanazunguka bila mwisho. Mwenyewe anapanda gari hadi Maua ama Isiolo, anaacha mashine kwa fundi. Jioni anapigiwa simu: "Iko sawa, nimepiga window upya." Anashukuru. Akifika nyumbani akiiwasha, inang'aa kama ya dukani. Na iko tupu kama ya dukani.

Kuna kijana namjua ambaye ni katibu wa chama cha kina mama mtaani. Michango ya miaka mitatu ilikuwa kwenye laptopu yake: nani ametoa, nani amekopa, nani amebakisha ngapi. Laptopu ikakwama, ikafomatiwa, hesabu zote zikaenda. Kina mama walikaa wiki nzima wakitafuta jumbe za zamani za M-Pesa kwenye simu zao, na bado wawili hawakukubaliana kuhusu deni. Hao ni watu waliokuwa wakiaminiana tangu utotoni. Mashine ilirudi ikiwa nzima, lakini kile kilichovunjika hakina fundi.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Si angeweka nakala pahali pengine?" Ni kweli, angeweka. Lakini hilo haliondoi swali langu: kwa nini kufomati ndio dawa ya kwanza badala ya kuwa ya mwisho?

Jibu si kwamba mafundi wetu ni wabaya. Tuwe waungwana. Fundi analipwa kwa kazi moja moja. Kufomati ni kazi fupi, anaweza kumaliza kadhaa kwa siku. Kuokoa faili kunaweza kumlia nusu siku, na mteja akiambiwa aongeze pesa kidogo anaanza, "Ai, kaka, si ni window tu?" Sisi ndio tumemfundisha kwamba faili zetu hazina bei. Kwa hivyo la kwanza ni hili: ukimpelekea fundi laptopu, mwambie kazi ni mbili. Moja, toa faili. Mbili, tengeneza window. Na ulipie zote mbili.

Ukidhani hii ni shida ya watu wa mashinani, kumbuka tarehe 19 Julai 2024. Sasisho moja la programu ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani. Ndege zilibaki chini, hospitali na benki zikahangaika. Je, walifomati kila kitu? Hapana. Dawa ya kwanza ilikuwa kuingia hali salama ya Windows, kufuta faili moja yenye kasoro, na kuwasha tena. Mashine nyingi zilifanyiwa hivyo moja moja, kwa mkono. Kama kampuni kubwa zilikuwa na subira hiyo, hata mimi na wewe tunaiweza.

Sasa, ikikukuta, fanya hivi kabla ya kuabiri gari.

Kwanza, ngoja. Apdeti kubwa kwenye mashine nzee inaweza kuchukua masaa. Iache kwenye chaji, hata usiku mzima.

Ikikataa kabisa, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kama kumi mpaka izime. Chomoa flashi na vitu vingine vyote, kisha iwashe. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, Windows kwa kawaida inajipeleka yenyewe kwenye ukurasa wa matengenezo. Hapo ingia "Troubleshoot", halafu "Advanced options". Anza na "Startup Repair". Ikigoma, jaribu "Uninstall Updates", inayotoa lile sasisho lililoleta balaa. Kuna pia "System Restore", inayorudisha mfumo nyuma hadi siku ulipokuwa mzima, kama hiyo huduma ilikuwa imewashwa.

Bado? Kuna "Reset this PC", lakini soma pole pole. Itakuuliza kati ya "Keep my files" na "Remove everything". Hiyo ya pili ndiyo iliyomaliza rekodi za watu wengi. Ukichagua ya kwanza, programu ulizoweka zitatoka lakini faili zako zinabaki. Kisha chagua "Local reinstall", kwa sababu "Cloud download" inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando.

Na kama hata ukurasa huo haufunguki, bado hujafika mwisho. Unaweza kuwasha laptopu kwa flashi yenye Linux, bila kugusa Windows, ukanakili faili zako kwenye diski nyingine. Ama fundi atoe diski na kuiunganisha kwa kompyuta nzima. Hapo ndipo unamwambia, "Sasa piga window."

Kuna kizingiti kimoja ambacho wengi hawakijui: BitLocker. Laptopu nyingi mpya zinafunga diski kwa siri bila wewe kuambiwa kwa sauti. Apdeti ikivuruga mambo, inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo, hata fundi wa Nairobi hakusaidii. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, na unaweza kuupata kwa simu. Lakini kama akaunti ilifunguliwa na aliyekuuzia laptopu, pole. Uhakikishe leo, uandike kwenye karatasi, uweke na kitambulisho chako.

Na kama tayari imefomatiwa? Acha kuitumia mara moja. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, programu za kuokoa data zinaweza kurudisha sehemu. Kwenye SSD, matumaini ni madogo sana.

Nasema haya sasa kwa sababu Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu nyingi tunazonunua ni zile za maofisi ya ng'ambo, zimetumika tayari. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na nyingi ya hizo mashine hazina. Watu wanalazimisha kwa njia za mkato. Zitakwama, na foleni kwa mafundi itakuwa ndefu.

Kwa hivyo napendekeza kitu kidogo. Flashi moja ya GB 8 yenye Windows, na nyingine yenye Linux, zikae mahali pa wote: shuleni, kwa kikundi cha vijana, ama kwa saiba ya mtaa. Zitapakuliwa mara moja, bando tuchangiane, kila mtu aazime kwa zamu. Hapa kwetu mtu akipotelewa na mbuzi, majirani wanatoka kutafuta kabla ya kumwambia anunue wengine. Hata faili zina mwenyewe.

Na wewe unayesoma hii kwa simu huku laptopu ikiwa hapo kando: kabla haijaanza apdeti nyingine, ichomeke kwa chaji, nakili folda moja ile usiyoweza kuipoteza, na utafute zile tarakimu 48. Chama cha mama yako kinaweza kuwa ndani ya hiyo folda.