Intaneti ikikokota, usianze kumtafuta mwizi

Leo siasa pembeni, mpira pembeni. Nina kesi ya nyumbani kwangu Tabata, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Nyumbani tunaishi watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume na binamu yetu. Intaneti ni moja, ruta iko sebuleni, bili tunachangia. Mimi nina kompyuta ya mezani chumbani, ile ninayoandikia makala usiku. Mdogo wangu ana laptop yake, anachora nembo na mabango ya watu. Huo ndio ugali wake.

Basi mwezi fulani kompyuta yangu ikaanza kukokota. Barua pepe inafunguka kwa kusuasua. Kutuma picha tatu kwa mhariri ni shughuli ya nusu saa. Natoka sebuleni, namkuta bwana mdogo anaangalia video safi kabisa, haikwami hata mara moja. Hasira zikanipanda. Nikajisemea, kumbe ndiye anayeimaliza yote!

Nikapiga simu kwa wenye huduma. Jibu mnalijua: zima ruta, subiri, washa tena. Nikazima, nikawasha. Wapi!

Usiku ule nikabadilisha neno la siri la waifai, nikampa binamu peke yake. Asubuhi bwana mdogo akaniuliza, "Dada, nimekosa nini?" Nikamjibu kwamba anajua mwenyewe.

Siku tatu alikuwa hana mtandao. Siku ya pili alikuwa na kazi ya kumtumia mteja, ikabidi aende kwa rafiki yake Buguruni usiku. Alipofika mteja alikwishampa mtu mwingine. Hakuniambia. Nilikuja kusikia kwa binamu.

Sasa sikilizeni kituko. Kwa siku zote hizo tatu, kompyuta yangu iliendelea kukokota vilevile! Mtu mwenye akili zake angesema basi, mwizi siye huyu. Mimi nikasema lazima binamu kampa neno la siri kwa siri. Ukishaamua nani mkosaji, kila kitu kinageuka kuwa ushahidi.

Aliyenizindua ni fundi wetu wa kompyuta kazini. Nilimlalamikia, akaniuliza swali moja tu: "Simu yako, ukiwa umekaa palepale kwenye hiyo kompyuta, inakwenda?" Nikamwambia inakwenda vizuri. "Na ya mdogo wako ilikuwa inakwenda?" Ilikuwa inapaa. "Sasa kama angekuwa anaimaliza, simu yako ingepata wapi?"

Nilinyamaza. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na hilo sikujiuliza.

Jioni nikafanya alivyonielekeza. Kwanza nikapima kasi kwa simu na kwa kompyuta, moja baada ya nyingine, saa ileile. Simu ikapata megabiti 20 na kitu kwa sekunde. Kompyuta haikufika hata moja. Halafu nikaibeba hadi sebuleni, nikaiunganisha na ruta kwa waya mfupi uliokuja na ruta yenyewe. Ikaruka! Kwa hiyo kompyuta ni nzima, ruta ni nzima, kilichobaki ni ule waya mrefu wa kwenda chumbani.

Waya huo niliupitisha mwenyewe chini ya mlango, maana kuta zetu za tofali nene zinaisumbua waifai. Kila nikifunga mlango, ubao ulikuwa unauminya palepale. Ndani ya waya wa namna ile mna nyuzi 8 zilizosokotwa mbili mbili. Zikiumia, data inaharibika njiani na inabidi itumwe upya, tena na tena. Taa ya pale nyuma ya kompyuta inaendelea kuwaka kama kawaida, nawe unadhani mambo ni shwari. Waya mpya haukunigharimu sana. Mteja aliyepotea hauzwi dukani.

Kwa nini nawasimulia aibu yangu? Kwa sababu naona tabia hii si yangu peke yangu. Nyumba nyingi za kupanga, mabinti na vijana wanagombana kwa ajili ya intaneti, na karibu kila mara anayelaumiwa ni mdogo kuliko wote, au yule asiyechangia bili. Anayelipa zaidi anageuka hakimu. Hapimi, hahoji, anabadilisha neno la siri. Na siku hizi kumkatia mtu mtandao si sawa na kumzimia televisheni. Unaweza kuwa umemkatia kazi, masomo au maombi ya ajira yanayofungwa saa sita usiku.

Nasema hivi: kabla hujamnyooshea mtu kidole, uliza kama ni vifaa vyote au ni kimoja. Kama ni vyote, tatizo linaweza kuwa kwenye ruta, kwa mwenye huduma, au mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikahangaika. Siku kama ile hata ukibadilisha neno la siri mara kumi hupati kitu. Ni kweli pia kwamba mtu mmoja akishusha au kupandisha mafaili makubwa anaweza kuwabana wenzake. Lakini atawabana wote, hatachagua kompyuta yako tu.

Kama ni kifaa kimoja, anza na kifaa hicho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, upime tena. Ni waya? Kama ni waifai, je, uko mbali na ruta? Masafa ya 5 GHz yana kasi lakini hufifia haraka yakikutana na kuta, ya 2.4 GHz yanafika mbali zaidi ila yana msongamano wa majirani. Umesahau kuzima VPN? Kuna programu inajisasisha kimyakimya, au picha zako zote zinapandishwa mtandaoni bila wewe kujua? Kirusi je? Dakika kumi na tano zinatosha kujua kesi inaelekea upande gani.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa chini ya mlango wangu.

Bwana mdogo nilimwomba radhi mbele ya binamu, maana nilimhukumu mbele yake. Akacheka, akasema yameisha. Lakini tangu siku ile, kabla ya kupakua kitu chochote kikubwa, hunigongea mlango kwanza kuomba ruhusa. Nimemwambia haina haja, bado anagonga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Naomba kutoa hoja.