Simu ya Kusikiliza, Simu ya Kuchongea



Toleo hili linahusu simu za msaada, nasi tunalifungua kwa historia ambayo magazeti yetu huikwepa. Tarehe 4 Machi 1974, katika chumba kidogo juu ya duka la vitabu la Housmans, London, watu waliojitolea walianza kupokea simu za wapenzi wa jinsia moja. Aliyepiga alikuwa amefukuzwa nyumbani na anatafuta chumba, au amekamatwa na anahitaji wakili. Wengine walitaka mtu wa kuzungumza naye tu. Kila simu iliandikwa kwenye daftari ili wa zamu inayofuata ajue yaliyotokea. UKIMWI ulipoingia, walioogopa kwenda hospitali waliuliza huko kwanza.

Kwetu Tanzania simu imewahi kutumika kinyume kabisa. Oktoba 2018 Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwataka wananchi wawataje mashoga, kisha akatangaza kwamba amepokea ujumbe zaidi ya 5,000. Serikali ilisema huo ni msimamo wake binafsi. Lakini kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Waingereza, kingalipo, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Waingereza wenyewe walianza kulegeza sheria yao mwaka 1967.

Sasa mfikirie kijana wa Kibondo au Kasulu anayempenda mtu wa jinsia yake. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Pengine simu yenyewe ni ya nyumba nzima: mchana inashinda kibandani ikichajiwa, jioni kaka mtu anaishika, na namba zilizopigwa zote zinaonekana. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hata pa kusimama uongee bila jirani kusikia ni shida. Kijana huyo hakosi simu. Anakosa mtu wa upande wa pili atakayemtunzia siri.

Wapo watakaosema kwamba kwa sheria hii huduma kama ile ya London haiwezekani. Sikubaliani nao. Namba 116 ya watoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema, inapigwa bure na kupokewa na watu waliofunzwa kusikiliza. Zipo pia simu za afya na za ukatili wa kijinsia. Aliyepigwa na baba yake, au anayewaza kujiua, anastahili kupokelewa huko, awe anampenda nani.

Kwenu mnaoendesha simu za msaada mkoani Kigoma, ombi letu ni hili: kijana huyo akipiga, msimlazimishe kutaja jina wala kijiji chake, msimhubirie, na msimpeleke kwa mtu yeyote bila ridhaa yake.

Mhariri