Umeona Nini Hasa kwa Jirani?

Baada ya shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, serikali ya Kenya ilituletea Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa majirani kujuana na kuripoti wanayoyashuku, ulioigwa kutoka Tanzania. Kumjua jirani si vibaya. Shida ni yale tunayokwenda kumnong'onezea chifu. Madhara ya kushuku watu bila ushahidi tuliyaona Aprili 2014: katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na baadhi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wengi waliachiliwa bila mashtaka.

Anayeripoti aeleze kitendo alichokiona: nani, wapi, saa ngapi. Kabila, buibui au ugomvi wa kuanika nguo si ushahidi. Polisi nao wachunguze kabla ya kuvunja mlango wa mtu, na anayesingizia makusudi ashtakiwe. Sheria ya kumwadhibu ipo tayari.