Abiria Mmoja, Mizani Mbili

Abiria anaondoka Paris kuja Nairobi kwa ndege ya shirika la Kenya. Kwa kosa la shirika, anafika akiwa amechelewa saa 5. Sheria ya Ulaya yampa yuro 600, pamoja na chakula wakati wa kungoja, na malazi ikilazimu. Juma lifuatalo anarudi Paris kwa shirika lilo hilo, na kuchelewa ni kule kule. Safari hii sheria hiyo haimtambui. Mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni ardhi aliyoondokea.

Kanuni ya 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, humlinda kila aondokaye katika viwanja vya Ulaya. Aingiaye kutoka nje humlinda tu akiwa amepanda ndege ya shirika la huko. Hatuwalaumu Wazungu kwa kuwatunza abiria wao. Twauliza, ni nani awatunzaye waondokao Nairobi, Mombasa na Kisumu?

Si kwamba hatuna sheria kabisa. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, walibebesha shirika hasara itokanayo na kuchelewa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 chawapa watumiaji wa huduma haki ya kufidiwa. Lakini sisi mawakili twaijua tofauti. Chini ya Montreal, abiria sharti athibitishe hasara yake, na shirika laweza kuponyoka likionyesha kwamba lilichukua kila hatua ya busara. Huko Ulaya kiasi cha fidia kimeandikwa kabla ndege haijaruka. Haki isiyopatikana ila kwa wakili ni haki ya mwenye fedha.

Wapo watakaosema kwamba ndege ni ya matajiri. Na waende uwanja wa Jomo Kenyatta usiku. Watamkuta binti aendaye Riyadh kwa kazi za nyumbani, na mgonjwa apelekwaye India kwa michango ya waumini wenzake. Akikosa ndege ya kuunganisha, huyo hana akiba ya hoteli.

Tarehe 11 Septemba 2024, wafanyakazi wa uwanja huo waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi kwa kampuni ya Adani, na wasafiri wakakwama. Twaitetea haki ya kugoma. Hata hivyo, abiria naye apaswa kula na kulala. Januari 2013, Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata majivu ya volkano ya Iceland, yaliyofunga anga mwaka 2010, hayakuliondolea shirika wajibu wa kuwalisha na kuwalaza abiria wake. Ikiwa volkano si kisingizio, mgomo utakuwaje kisingizio?

Mbona basi Serikali haina haraka? Mwaka 2017, madeni ya Kenya Airways yalipogeuzwa kuwa hisa, Serikali ilibaki na asilimia 48.9. Mwamuzi mwenye hisa katika timu moja hapulizi kipenga kwa haki. Ndiyo sababu hatutaki ahadi za waziri wala huruma za ofisa. Twataka sheria ya Bunge.

Twadai mambo matatu. Kwanza, saa za kuchelewa na kiasi cha fidia viandikwe kwa tarakimu. Pili, haki hizo zibandikwe kwa Kiswahili mbele ya kila dirisha la kupokea abiria. Tatu, malalamiko yasikizwe na chombo kisichotoza ada, kisicho na hisa katika shirika lolote.

Wakati twangoja, ndugu msomaji, itunze tikiti yako. Mzigo ukichelewa, lalamika kwa maandishi katika siku 21 tangu kuupokea. Ukiharibika, katika siku 7. Kesi yafunguliwa kabla ya miaka 2. Kisha mwulize mbunge wako msimamo wake. Wasomao Maandiko waijua hukumu ya mchuuzi mwenye mawe mawili ya kupimia mfukoni. Nchi yetu isiwe mchuuzi huyo.