Mbwa wa Mgeni na Mzinga wa Mwananchi

Ipo hoja inayopita siku hizi vijiweni na maofisini, nayo husemwa kwa sauti ya upole kana kwamba ni jambo dogo. Hoja yenyewe ni hii: kwamba mgeni anayezunguka nchi yetu kwa gari lililofanywa nyumba, lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, aruhusiwe kuingia na mbwa wake katika hifadhi za Taifa, ili aone mambo ya kale pasipo kumwacha mwenzake nyuma. Mwandishi wa makala haya aliisikia mjini Mpanda, si kinywani mwa mgeni mwenyewe, bali kwa mwananchi mwenzetu, tena msomi, aliyesimama kando ya gari la namna hiyo huku mbwa akichungulia dirishani. Mgeni alikwisha kuelezwa sheria akaikubali. Aliyelalamika alikuwa mwenyeji!

Ndugu wasomaji, hatuna ugomvi na mgeni, wala hatuna ugomvi na mbwa. Barabara ya Tabora hadi Mpanda sasa ni ya lami, na anayetaka kuifuata njia ya misafara ya kale na aje. Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ujiji ipo kumbukumbu ya mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Baina ya miji hiyo Stanley alilazimika kuzunguka kusini, kupitia Ukonongo na Ukawendi, kwa kuwa vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida. Na ndani ya Hifadhi ya Katavi, karibu na ziwa lenye jina hilo, upo mkwaju ambao wenyeji huamini kuwa ni makao ya roho ya Katabi, mwindaji wa kale, nao hupeleka sadaka chini yake. Hayo yote ni historia, na anayeipenda historia hatumfungii mlango.

Lakini watetezi wa mbwa wanapenda sana kutukumbusha kwamba hata hao wazungu wa kale walisafiri na mbwa. Ni kweli. Livingstone alikuwa na mbwa aliyeitwa Chitane. Alizama katika kinamasi mwezi Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Stanley naye alitoka pwani na mbwa aliyeitwa Omar. Alikufa njiani mwaka 1871, kabla msafara haujafika Unyanyembe. Ikiwa historia ndiyo shahidi wao, basi shahidi huyo amewageuka. Zaidi ya hayo, jambo hili linapaswa kututia haya. Majina ya mbwa hao yameandikwa vitabuni na yanajulikana mpaka leo. Je, ni wangapi kati yetu wanaoweza kutaja majina kumi ya wapagazi waliobeba mizigo ya misafara hiyo mabegani mwao? Tukiwataja Susi na Chuma, walioongoza safari ya kuupeleka mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo mwaka 1874, tumemaliza. Hiyo ndiyo kasumba tunayoisema: kujua jina la mbwa wa bwana, na kutojua jina la babu yako.

Tuje kwenye sababu za sheria yenyewe. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi uitwao distempa uliingia Serengeti, ukaua simba wapatao 1,000, ambao ni karibu theluthi moja ya simba wote wa huko. Wachunguzi waliuhusisha ugonjwa huo na mbwa wa kufugwa wa vijiji vya kandokando. Katavi wapo simba. Ugalla wapo mbwa mwitu, ambao ni wachache mno duniani, na ambao hushikwa na maradhi ya ndugu zao wa nyumbani, kikiwamo kichaa cha mbwa. Mbwa mmoja mgonjwa anaweza kuharibu kazi ya miaka mingi.

Tena anayempenda mbwa wake kwa dhati hawezi kumleta huku. Pori la Ugalla na la Katavi ni makao ya mbung'o, na mbung'o hubeba nagana, ugonjwa unaoua mbwa upesi. Chui naye humwona mbwa kuwa kitoweo. Sheria inayomzuia mbwa getini inamkinga yeye kwanza.

Hata hivyo, sababu kubwa kuliko zote si ya kitabibu. Ni ya haki.

Mgeni anapolitazama pori la Ugalla huliona tupu, akadhani limekuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo. Nchi hiyo ilikuwa na watu wake. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa mapori ya magharibi kwa sababu ya malale, ikawakusanya katika makazi iliyoyachagua yenyewe. Katika miaka ya 1960 Ugalla ikafanywa pori la akiba. Hata hapo wananchi hawakukatwa kabisa na ardhi ya mababu: waliingia kwa kibali, katika majira maalumu, kurina asali na kuvua samaki. Ndipo mwaka 2019 sehemu ya pori hilo ikapandishwa daraja kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na katika hifadhi ya Taifa hakuna kurina wala kuvua.

Mrina asali alitakiwa atoe mzinga wake. Si mzinga wa anasa; ni gome la mti alilolichonga na kulipandisha mtini kwa mikono yake, na ndani yake mlikuwamo ada ya shule na bati la nyumba. Aliambiwa kwamba wanyama na misitu ni amana ya Taifa zima na ya vizazi vijavyo, maneno ambayo maana yake Mwalimu Nyerere aliitamka Arusha tangu mwaka 1961. Ilikuwa dhabihu, nayo inastahili heshima. Sasa tutamtazamaje mtu huyo usoni, tumwambie kwamba mzinga wake ni hatari kwa hifadhi, lakini mbwa wa mgeni si hatari?

Watasema: mbwa wa mgeni amechanjwa, ana cheti. Vema. Na mbwa wa mwanakijiji akichanjwa, naye ataingia? Askari wa getini si daktari wa mifugo, na cheti hakisomi kupe wala viroboto. Sheria ikishatobolewa tundu moja kwa ajili ya mwenye gari kubwa, haitakosa kutobolewa la pili kwa ajili ya mwenye cheo kikubwa. Watasema tena: mgeni analeta fedha za kigeni. Tunazihitaji, hatukatai. Lakini tusidanganyane: anayelala ndani ya gari lake na kupika chakula alichokuja nacho huacha fedha kidogo sana kijijini. Si kosa lake. Ni kosa letu sisi tusiomwonyesha cha kununua.

Basi tufanye kazi badala ya kuomba sheria ilegezwe. Vijana wa Mpanda na Sitalike waanzishe mahali safi pa kutunzia mbwa kwa malipo, mwenyewe akiwa hifadhini. Vikundi vya warina asali walio nje ya mipaka vipewe nafasi ya kuuza asali yao pale magari yanaposimama. Wazee wanaoijua historia ya Wakonongo, Wabende na Watongwe walipwe kwa kuisimulia, ili mgeni aondoke akijua kwamba njia ya Stanley ilikuwa na wenyewe kabla ya Stanley. Na maeneo ya historia yaliyo nje ya hifadhi, wenye kuyatunza waamue wenyewe juu ya mbwa aliyechanjwa na kufungwa kamba. Hilo halimnyang'anyi mtu chochote.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mwenyeji ahame, kisha mbwa wa mgeni aingie mahali pake. Mrina asali wa Ugalla ameitii sheria hii kwa gharama ya riziki yake. Tunaloombwa sisi ni dogo mno: tusimwaibishe kwa kuivunja.