Mpelelezi na Neno "Mswahili"

Wako wasemao kwamba mwalimu wa Kiswahili hana lake katika darasa la elimu ya uhalifu. Hiyo, wasema, ni kazi ya wanasheria na maofisa wa polisi. Sisi tubaki na ngeli na methali zetu. Kauli hiyo naipinga, nami naipinga nikiwa Gisenyi, mji uliopakana na Goma nyumba kwa nyumba, ambako mara nyingi sikio humhukumu mtu kabla hajamaliza kusalimu.

Elimu ya uhalifu ina deni la zamani. Mwaka 1876 daktari Mwitalia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu kilichodai kwamba wako watu wazaliwao wahalifu, na kwamba fuvu na taya zao huwatangaza. Leo wanafunzi humcheka. Lakini kilichokataliwa ni kipimo cha fuvu tu. Tabia ya kumtambua mwovu kwa alama ya nje imesalia, imejificha ndani ya maneno, hata mwenye nayo hajui kwamba anayo. Ndiyo dhana fiche.

Tulitazame neno letu wenyewe. Chini ya utawala wa Wabelgiji, Waislamu wa Rwanda, wengi wao wafanyabiashara wenye kusema Kiswahili, walitengewa mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili. Polepole, katika vinywa vya wengi, "Mswahili" likawa jina la mjanja na mwongo. Mwaka 2017 sheria ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini masikio hayabadilishwi kwa kura ya bunge. Na nchi hii yajua gharama ya alama: kabila lililoandikwa katika vitambulisho tangu miaka ya 1930 ndilo lililowaua watu vizuizini mwaka 1994.

Yasemwa kwamba dawa ipo: jaribio lililotangazwa mwaka 1998 na Anthony Greenwald na wenzake wa Marekani, lipimalo kasi ya mtu kuunganisha maneno na makundi ya watu. Silidharau. Lakini wataalamu wangali wakibishana kama laweza kutabiri matendo ya mtu mmoja mmoja. Tena halimfundishi mpelelezi namna ya kushika kalamu.

Kalamu ndiyo fani yetu. Mwalimu na aandike ubaoni: "Alisimama karibu na duka, akasema anamngoja nduguye." Chini yake aandike: "Alikuwa akizurura karibu na duka, akadai anamngoja nduguye." Tukio ni lile lile, aliyebadilika ni mwandishi. Kisha awaulize wanafunzi: ni sentensi ipi ungemwandikia aliyejibu kwa Kinyarwanda, na ipi aliyejibu kwa Kiswahili cha Goma? Hakimu hatasoma moyo wa mpelelezi. Atasoma "akadai", naye mtuhumiwa ataingia mahakamani akiwa nusu amekwisha hukumiwa.

Wala tusijitakase. Kiswahili hiki ndicho kilichowaita watu wa bara "washenzi", na hata leo wasemaji wake huita mambo ya hovyo "uswahili". Usafi na uanzie nyumbani.

Basi, walimu wenzangu, tusingoje kualikwa. Chama chetu na kiandae masomo ya uandishi wa taarifa na maelezo ya mashahidi, kiyapeleke katika vyuo vinavyowafunza wapelelezi wa kesho. Anayetuambia kwamba hayo si Kiswahili, na atuonyeshe taarifa moja ya polisi iliyoandikwa bila maneno.